Ushauri nasaha wa utengamao kwa watu wenye ulemavu: unasaidia kweli au ni maneno tu? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwanza hii kitu ni nini hasa, maana kila mtu anaielezea kivyake

Ni kukaa na mtu mwenye ulemavu, kujua anataka maisha gani (kazi, shule, kuishi mwenyewe bila kusimamiwa, kulea watoto wake, chochote), alafu mnatafuta pamoja njia ya kufika huko mkianzia na hali aliyonayo leo. Kuongea ni sehemu moja tu ya kazi. Mshauri mzuri utamkuta anapiga simu kwa mwajiri, anaandika barua ya kuombea kitimwendo, anamuunganisha mtu na fundi wa viungo bandia, anaenda kukagua jengo la kazini lina ngazi ngapi na choo kipo ghorofa ya ngapi. Ukimkuta mshauri ambaye hajawahi kutoka kwenye kiti chake, hapo jiulize.

Kama unashangaa kwa nini mambo haya yamekaa kikazikazi sana, ni historia. Marekani walianza na sheria ya kuwarudisha wanajeshi kazini mwaka 1918, baada ya miaka miwili tu, 1920, ikaja ya raia wa kawaida, na mwanzoni ilikuwa ni ulemavu wa mwili peke yake, wenye ulemavu wa akili wakasubiri mpaka 1943. Mwaka 1954 ndo serikali yao ikaanza kutoa hela kwa vyuo vikuu visomeshe washauri wa fani hii. Kwa hiyo swali la "huyu atapata kazi?" lilikuwepo tangu siku ya kwanza na mpaka leo ndilo linapimwa kuliko mengine yote, hata pale ambapo mhusika mwenyewe ana shida nyingine kabisa.

Si ni sawa na fiziotherapia? Au ni mwanasaikolojia?

Hapana. Wa fiziotherapia anashughulika na goti lako, mwanasaikolojia anashughulika na yanayoendelea kichwani, huyu anashughulika na Jumatatu yako asubuhi: unaamka, unaenda wapi, unafikaje, ukifika unafanya nini. Mara nyingi utawahitaji wote.

Haya jibu la moja kwa moja. Inafanya kazi?

Ndio, ila sio kila kitu kinachoitwa kwa jina hilo kinafanya kazi, na hapa ndo watu wengi wanachanganywa.

Ushahidi mzito kuliko wote uko upande wa ajira kwa watu wenye magonjwa makubwa ya akili kama skizofrenia. Zamani mtindo ulikuwa hivi: kwanza mtu afundishwe nidhamu ya kazi, apelekwe karakana maalum akae na wenzake wenye ulemavu wakipanga vibanio kwenye maboksi, alafu siku moja "akiwa tayari" ndo atafutiwe kazi ya kawaida. Hiyo siku kwa wengi haikufika. Sasa kule New Hampshire, Marekani, watafiti Robert Drake na Deborah Becker wakaja na mtindo unaojulikana kwa herufi IPS (Individual Placement and Support, yani kumuweka mtu kazini na kumsaidia akiwa huko) ambao uligeuza mambo juu chini, yani kigezo pekee cha kuingia ni wewe kutaka kazi, kazi inatafutwa ndani ya wiki chache, ni kazi ya kawaida yenye mshahara wa kawaida, na msaada unakuja ukiwa tayari uko kazini na hauna tarehe ya mwisho. Uchambuzi wa majaribio 11 uliotoka 2008 ulionyesha kwa wastani asilimia 61 ya waliopitia IPS walipata kazi za kawaida, wale wa mitindo mingine asilimia 23. Ukisema hiyo ni Marekani tu, kuna jaribio la Ulaya lililofanyika kwenye miji 6 ikiwemo London, Rimini na Sofia, matokeo yakatoka 2007, watu 312, waliopitia IPS 55% walipata kazi na wenzao wa huduma ya kawaida 28%, na la kushangaza ni kwamba waliopelekwa kazini haraka walilazwa hospitali kidogo kuliko wenzao. Hofu ya siku zote ilikuwa kwamba presha ya kazi itawarudisha wodini.

Kwa ulemavu wa mwili ushahidi upo lakini ni mwembamba zaidi. Mwaka 2012 yalitoka matokeo ya wanajeshi wastaafu wa Marekani walioumia uti wa mgongo, waliopewa huduma ya aina hiyo hiyo ya IPS walipata kazi mara 2 na nusu zaidi ya wenzao waliopewa huduma ya kawaida kwenye vituo vile vile. Kwa vijana wenye usonji (autism) kuna programu ya Project SEARCH, iliyoanzia hospitali moja ya watoto Cincinnati, Marekani, mwaka 1996, kijana anakaa mwaka mzima wa mwisho wa shule ndani ya sehemu ya kazi halisi akizunguka vitengo. Jaribio moja la programu hiyo lililotoka 2014 lilipata vijana 21 kati ya 24 wameajiriwa, na upande wa pili 1 kati ya 16. Ni watu wachache, sio wa kujengea sheria ya nchi, lakini tofauti ya namna hiyo huwezi kuipita hivihivi.

Ukiangalia yote hayo utaona kitu kimoja kinajirudia, kwamba kilichosaidia ni kumfikisha mtu kwenye maisha halisi mapema na kubaki naye akiwa huko. Kumuandaa andaa bila mwisho hakujasaidia popote.

Sasa mbona ndugu yangu alienda miaka na hakupata kitu?

Pole yake kwanza. Sababu zinaweza kuwa nyingi na nyingine wala hazimhusu yeye. Inawezekana alipewa kozi baada ya kozi, leo kompyuta, kesho ushonaji, keshokutwa "namna ya kujiamini", vyeti vinajaa kwenye bahasha na hakuna mtu aliyewahi kumkalisha na mwajiri hata mmoja. Inawezekana mshauri alikuwa na mafaili mengi kiasi kwamba kila wakikutana anaanza kwa kumuuliza jina. Inawezekana mpango wote ulikuwa sawa ila usafiri hakuna, na bila usafiri hata mpango wa malaika haufiki.

Na inawezekana ni ubaguzi tu. Hapa lazima tuseme ukweli, ushauri nasaha hautibu mwajiri anayeona fimbo nyeupe akaamua intavyuu imeisha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa 2006 umegawa mambo haya vizuri, ibara ya 26 inaongelea utengamao na ya 27 inaongelea haki ya kufanya kazi, na mimi naona watu wengi wanaikumbatia ya 26 kwa sababu inamtaka mwenye ulemavu abadilike, alafu ya 27 wanaipita kimyakimya kwa sababu inawataka wengine wote wabadilike.

Ofisi fulani inasema "asilimia kubwa ya wateja wetu wamefaulu". Niamini?

Uliza maswali matatu. Kufaulu maana yake nini? Mifumo mingi inafunga faili mtu akidumu kazini siku 90, ya 91 akifukuzwa bado anahesabika ushindi. Kazi gani? Mtu aliyesomea uhasibu akiwekwa kufagia naye anaandikwa "ameajiriwa". Na ya tatu, mmehesabu kina nani, kwa sababu walioacha katikati, waliokataliwa mlangoni kwa kuonekana ulemavu wao ni mzito mno, na wale waliokata tamaa wakaacha kupokea simu, mara nyingi hawamo kwenye hesabu kabisa. Kuna ofisi zinachagua wateja wepesi ili namba zipendeze. Ndo maana yale majaribio ya juu yana uzito, watu waligawanywa kwa bahati nasibu, hakuna aliyechaguliwa kwa sababu anaonekana atafaulu.

Alafu kuna mambo ambayo hayana namba nzuri lakini ni matokeo pia: mtu ameanza kutoka nje, ameacha kumuomba mdogo wake ruhusa ya kutumia hela yake mwenyewe, amerudi shule. Hayo uliza pia kama yanaandikwa popote.

Ndani ya kikao ni kitu gani hasa kinachosaidia? Maana naona ni stori tu

Mwanasaikolojia Edward Bordin aliandika mwaka 1979 kwamba uhusiano wa kazi kati ya mshauri na mteja una sehemu tatu: mmekubaliana lengo, mmekubaliana kazi za kufanya ili kulifikia, na kuna kuaminiana. Utafiti mwingi wa ushauri nasaha baada ya hapo umeendelea kukuta kwamba nguvu ya huo uhusiano inatabiri matokeo, mbinu yoyote itakayotumika. Wengi wanalikumbuka la tatu tu, kuaminiana, wanadhani mshauri akiwa mpole basi imetosha. Hapana. Mpole bila lengo ni mtu wa kupiga naye soga.

Ngoja nikuonyeshe inavokuwa. Chukua mama aliyekuwa keshia, kapata kiharusi, mkono wa kulia haushiki vizuri na maneno mengine yanamchelewa mdomoni. Kila mtu keshamwambia kazi ya keshia basi. Mshauri anayejua kazi yake hataanza na "unajisikiaje", ataanza na "nielezee siku yako ya kazi tangu unafungua droo". Mama anaelezea, na wanaandika kipande kwa kipande: kusimama saa nyingi, kuhesabu noti, kupitisha bidhaa kwenye skana, kukumbuka namba za bidhaa zisizo na lebo, kusalimia wateja, kufunga hesabu jioni. Alafu wanapita kila kipande. Kusimama, anaweza kukaa kwenye kiti kirefu. Skana, inahamishiwa upande wa kushoto. Namba za bidhaa, karatasi inabandikwa pembeni ya mashine. Kufunga hesabu, kichwa chake kwa namba kiko vilevile, hilo hata halikuguswa na kiharusi. Kuhesabu noti kwa mkono mmoja, hapa kuna shida ya kweli, wanajaribu pale pale mezani na noti za mchezo, inachukua muda mrefu, wanajaribu tena noti zikiwa zimebanwa na kitu kizito upande mmoja, inaenda afadhali. Kuongea na wateja, mama ananyamaza, anasema hapo ndo anaogopa, watamuona mlevi. Basi! Sasa ndo mmefika kwenye hisia, na mmefika kupitia mlango wa kazi, na hofu yenyewe imeshakuwa na umbo, ni kuonekana mlevi na watu asiowajua, kitu ambacho unaweza kukifanyia kazi kikao kijacho kwa kupanga sentensi moja fupi ya kuwaambia wateja.

Kati ya vipande sita, vilivyobaki vinaogopesha ni viwili. Alipoingia mlangoni alidhani ni vyote.

Mshauri wangu ananiambia niwe na malengo "yanayowezekana". Ni kawaida?

Ni kawaida, na mara nyingi ni uvivu. Sisemi kila ndoto itimie, asiyeona kabisa hatakuwa rubani wa ndege ya abiria na kumdanganya ni dhambi. Lakini "yanayowezekana" kwa wengi inamaanisha kile ambacho mshauri mwenyewe amewahi kukiona. Kama hajawahi kumuona mwanasheria kiziwi basi uanasheria hauwezekani.

Stori ya Ed Roberts kila mshauri anatakiwa aijue. Huyu alipata polio akiwa kijana mdogo, kapooza kuanzia shingo, usiku analala kwenye mashine ya kumsaidia kupumua. Alipoomba msaada wa masomo kwa idara ya utengamao ya California walimuona hawezi kuajirika, wakasita kumlipia, ikabidi pawe na kelele ndo wakakubali. Akasoma chuo kikuu cha Berkeley, akashiriki kuanzisha harakati ya kuishi kwa kujitegemea, na mwaka 1975 gavana akamteua kuwa mkurugenzi wa idara hiyo hiyo. Kwa hiyo mshauri akikuambia haiwezekani muombe akuonyeshe ni kipande gani cha hiyo kazi hakiwezekani, na amejaribu nini kabla hajasema hivo.

Baada ya ajali lazima nipitie hatua za mshtuko, kukataa, hasira, huzuni, alafu nikubali?

Hapana, hakuna ratiba. Wapo wanaolia miezi, wapo ambao wiki ya pili wanauliza kitimwendo cha michezo kinapatikana wapi, na wote wako sawa. Baada ya kuumia uti wa mgongo ni karibu mtu 1 kati ya 5 anayekutwa na sonona, baada ya kiharusi ni karibu theluthi. Hiyo ni kubwa na inahitaji matibabu, usiipuuze, lakini igeuze uone upande wa pili: wengi hawana sonona. Tatizo la nadharia ya hatua ni kwamba mtu asipolia anaambiwa "bado yuko kwenye kukataa", akilia anaambiwa hajakubali, yani hana pa kutokea. Hata hasira, kuna nyingine ni ya haki kabisa, kama umenyimwa ajira kwa sababu ya mguu hiyo sio hatua ya maombolezo, hiyo ni kesi.

Mimi nimezaliwa hivi, siombolezi chochote. Nahitaji hii kitu ya nini?

Kama huhitaji huhitaji, usilazimishwe. Ila tofauti ipo na ni vizuri mshauri aijue. Aliyepata ulemavu ukubwani ana maisha ya zamani anayoyalinganisha kila siku, ana ujuzi na watu wanaomfahamu kikazi, kazi kubwa ni kuvihamisha vitu hivyo. Aliyezaliwa nao mara nyingi mwili wake anaumudu vizuri kuliko mtaalamu yeyote, kinachokosekana ni nafasi alizonyimwa njiani, hajawahi kutumwa, hajawahi kuwa na kazi ya likizo kama wenzake, hajawahi hata kukosea akaachwa arekebishe mwenyewe kwa sababu kila kitu alifanyiwa. Huyo ukimpeleka kwenye "kukubali hali yako" umempotezea muda, mpe mahali pa kujaribu kazi.

Ni bora mshauri naye awe na ulemavu?

Inasaidia, hasa mwanzoni, kumuona mtu anavaa, anaendesha, analipa kodi ya nyumba akiwa na hali kama yako kunafuta maswali ambayo hotuba haifuti. Ndo maana vituo vya kuishi kwa kujitegemea (vinavyoendeshwa na wenye ulemavu wenyewe), kuanzia kile cha Berkeley cha 1972, vilijengwa juu ya msaada wa mtu na mwenzie. Lakini kuwa na ulemavu sio cheti. Yupo ambaye njia iliyomfaa yeye anataka imfae kila mtu, huyo anachosha kuliko asiye na ulemavu anayesikiliza.

Familia iingie kwenye kikao?

Ukitaka wewe. Kanuni yangu ni rahisi, nusu ya kwanza mteja peke yake kila mara, hata kama ana shida ya kuongea, hata kama inachukua muda mara tatu. Mama akijibu maswali yote kwa niaba ya mtu wa miaka 28, mpango utakaotoka hapo ni mpango wa mama. Ila familia kuwekwa pembeni moja kwa moja nayo haifai kwa sababu ndio watakaoishi na huo mpango, na hofu zao nyingine ni za kweli (ataangukaje barabarani, nani atampokea) na zisiposikilizwa zitarudi usiku kama pingamizi.

Natumia lugha ya alama. Ndugu anitafsirie inatosha?

Hapana. Omba mkalimani aliyefundishwa, na kikao kiwe kirefu kidogo. Kuna mambo huwezi kuyasema kupitia mdomo wa dada yako.

Kwa simu au video inafaa?

Kwa wengi inafaa na inaokoa usafiri ambao mara nyingi ndo kikwazo namba moja. Haifai pale inapobidi kuona mahali penyewe, mlango una upana gani, meza ina urefu gani. Hapo mtu aende, au angalau mteja azungushe kamera polepole.

Nikianza kazi si nitapoteza posho ya ulemavu?

Hili swali ndo linalozuia watu wengi kuliko ulemavu wenyewe na washauri wengi wanalikwepa kwa sababu hesabu zake zinachosha. Kila mfumo una sheria zake. Kwa mfano bima ya ulemavu ya Marekani inaruhusu miezi 9 ya kujaribu kazi ndani ya kipindi cha miezi 60 bila kukatwa malipo, kuna watu wanaishi ndani ya mfumo huo huo miaka na hawajui. Unachotakiwa kumwambia mshauri ni "nifanyie hesabu": nikilipwa kiasi hiki kinakatwa nini, bima ya afya inabaki au inaondoka, na kazi ikiisha baada ya miezi mitano narudi kwenye posho au naanza foleni upya. Aandike kwenye karatasi, sio kwa mdomo. Mtu akikataa kazi baada ya kuona hesabu hiyo sio mvivu, ana akili.

Mwajiri nimwambie kuhusu ulemavu wangu au ninyamaze?

Kama unaonekana hakuna cha kunyamazia, swali ni utasema nini. Kama hauonekani (kifafa, ugonjwa wa akili, usikivu hafifu) uamuzi ni wako na mshauri hana ruhusa ya kusema bila ridhaa yako, hata kwa nia nzuri. Kanuni inayosaidia wengi: usielezee ugonjwa, elezea unachohitaji. "Nahitaji maelekezo yaandikwe" inatosha, jina la dawa haliwahusu.

Na mwajiri akianza kulia gharama, kuna huduma ya ushauri kwa waajiri Marekani, JAN, ipo tangu 1983, na tafiti zake kwa waajiri zimekuwa zikionyesha kwamba nusu hivi au zaidi ya marekebisho wanayofanyiwa wafanyakazi wenye ulemavu hayagharimu chochote. Kubadilisha saa ya kuingia, kuhamisha meza, kuandika badala ya kusema.

Mtu wangu hataki kabisa kusikia habari ya ushauri. Nimlazimishe?

Usimlazimishe, haitasaidia. Ukimsukuma mtu anatetea pale alipo, ndo binadamu tulivyo. Njia iliyoletwa na mwanasaikolojia William Miller miaka ya 80, ile ya mahojiano ya kumuamsha mtu hamu, inaenda kinyume, unamuuliza yeye ana sababu gani za kubadilika na unakaa kimya uzisikie, hata kama ni moja na ni ndogo. "Nimechoka kuamshwa na wewe kila asubuhi" ni sababu. Anzia hapo. Na kagua kama kweli anakataa ushauri au anakataa lile jengo, ile foleni, au yule mtu aliyemdharau mara ya kwanza.

Inachukua muda gani?

Hakuna jibu moja ila kuna dalili. Baada ya vikao viwili vitatu lengo liwe limeandikwa kwa maneno yako. Baada ya mwezi mmoja au miwili kuwe na kitu kimetokea nje ya ofisi, simu imepigwa, sehemu imetembelewa, kifaa kimeombwa. Miezi sita inapita na bado mnafanya "tathmini"? Ondoka.

Nikitaka kubadilisha mshauri itaonekana mimi ndo tatizo?

Wengine wataona hivo, badilisha tu. Sema sababu kwa kifupi na iwe ya kazi: "tumekutana mara nyingi na hakuna hatua iliyofanyika kwenye mpango". Omba nakala ya faili lako kabla ya kuondoka ili usianze kusimulia maisha yako upya kwa mtu mwingine.

Siku ya kwanza nimuulize nini?

Muulize amewahi kufanya kazi na watu wenye ulemavu kama wako na wako wapi sasa hivi (bila majina). Una wateja wangapi kwa wakati mmoja? Nikipata kazi utaendelea na mimi mpaka lini? Ukikwama unamuuliza nani? Faili langu linasomwa na nani? Alafu angalia anajibu akimuangalia nani, wewe au uliyekuja naye.